Maji ya Uvuguvugu

4 Juni

Upepo umeanza. Kila mwaka ni hivyo hivyo: mvua ikishatuaga, unaingia huu upepo mkavu, unapita juu ya mashamba ya tumbaku yaliyokwisha vunwa, unazoa vumbi na kulimwaga lote hapa Cheyo, kana kwamba Tabora nzima haina kata nyingine. Midomo inapasuka, pua zinakauka, na mimi Tobias, karani mstaafu wa mahakama, naanza kupauka kuanzia vifundo vya miguu kwenda juu.

Miaka ya nyuma alikuwepo Dafrosa. Kila kiangazi mke wangu alinipaka mafuta mgongoni huku akinisema kwa mambo mengine kabisa, na ngozi ikatulia. Hiki ni kiangazi cha kwanza bila yeye. Nimeamua kuandika yanayotokea, maana kazi ya mahakamani imenifundisha kwamba jambo lisiloandikwa hukanwa.

Cha leo ni kimoja. Maji ya kuoga yalikuwa ya uvuguvugu. Mkwe wangu Elieth, mke wa mwanangu Deus, ndiye anayenitengea ndoo mlangoni mwa bafu kule uani, asubuhi na jioni. Anagonga bati mara moja, anaondoka. Anajua fika kwamba mimi naoga maji yanayofuka. Leo nimetumbukiza mkono na mkono haukushtuka. Nimenyamaza, ila naangalia.

9 Juni

Misa ndefu. Nimejikuna tangu Utukufu mpaka matangazo.

16 Juni

Dodoki langu limepotea. Ni dodoki gumu, nililiotesha mwenyewe kwenye ua, nalo ndilo ninalosugulia magamba mpaka ngozi iwake moto. Lilikuwa likining'inia kwenye msumari bafuni. Msumari upo. Nimemuuliza Deus, akasema labda panya. Panya wa Cheyo nawafahamu, wanakula mahindi, hawaogi.

Kumuuliza Elieth siwezi. Kwetu sisi mke wa mwana na baba wa mume hawazungumzi habari za mwili. Hanishiki mkono, haingii chumbani kwangu, hali meza moja nami, na akinisalimia anapiga goti macho yakiwa chini: "Shikamoo baba." Naitikia marahaba nikiangalia ukuta. Hiyo si chuki, ndiyo heshima yenyewe, na Elieth ametoka kwa watu wa Nzega wanaoishika sawasawa. Sasa nitaanzia wapi kumuuliza habari za kitu ninachojisugulia nikiwa uchi? Kwa hiyo nimemuuliza mwanangu, na mwanangu ameniambia panya.

Deus anafanya kazi halmashauri, kule Isikizya. Anaondoka asubuhi, anarudi jioni. Kutwa nzima nyumbani tunabaki watatu: mimi, Elieth, na mjukuu wangu wa miaka miwili, ambaye nilimpa jina la bibi yake. Dafrosa huyu mdogo ndiye mke wangu kwa sasa. Namwita hivyo mbele ya watu, naye ananiburutia viatu na kuniamrisha, "Babu, vaa." Bila yeye nyumba hii ingeniua.

22 Juni

Sabuni imebadilishwa!

Mimi naoga kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia, kwa kuwa inatoa uchafu bila kubembeleza, na ndani ya ndoo natia vifuniko viwili vya ile dawa ya maji ya kusafishia vidonda. Leo kwenye kisahani nimekuta kipande cheupe ambacho hakina harufu hata kidogo. Sabuni isiyo na harufu inaficha nini? Ile chupa ya dawa nayo imesogezwa mpaka rafu ya juu kabisa, nyuma ya ndoo ya rangi.

Jioni alikuja Sabiri, jirani yangu wa ukuta mmoja. Ni Mzaramo aliyeletwa hapa na kazi ya reli, akastaafu, akasahau kurudi kwao. Ni mtani wangu. Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu babu zetu walipokuwa wakishuka na misafara ya pembe kwenda pwani, na mpaka leo anaweza kuchukua jogoo wangu nikimwona, nami nisifungue mdomo. Alivuta kiti bila kukaribishwa, akakodolea miguu yangu.

"Mnyamwezi wewe, unajichemsha kama kuku wa kunyonyolewa, halafu unashangaa manyoya kutoka? Maji ya moto yamekumaliza mafuta yote mwilini. Punguza moto, acha kujikwangua, upake mafuta ungali mbichi!"

"Mzaramo kuoga umekujulia wapi?" nikamjibu. "Ninyi si mnangojea mafuriko yawafuate?"

Tulicheka mpaka mkewe, Zuena, akachungulia juu ya ukuta. Sabiri akairudia tena ile ya maji na mafuta, nami nikamrudishia nyingine ya mababu zake na nazi. Zuena hakucheka. Nimeona alivyomtazama mumewe, kisha akatazama jikoni kwetu alikokuwa Elieth. Wanawake hawa wawili wana lao.

23 Juni

Upepo.

5 Julai

Miguu imekuwa mieupe mpaka magotini. Visigino vimefanya magaga ya kuingiza sarafu. Nikivua soksi, unga unamwagika sakafuni. Usiku nawashwa mgongo mahali nisipofika, naushindilia kwenye pembe ya mlango kama ng'ombe.

Leo nimefungua kopo langu la mafuta, ninaloliacha bafuni, nikakuta ndani siyo mafuta yangu. Yangu yalikuwa ya rangi ya waridi na yananukia. Haya ni meupe, mazito, hayanuki chochote. Kopo ni lile lile. Mtu amekomba mafuta yangu na kutia yake, kwa utulivu, akafuta mdomo wa kopo kwa kitambaa. Nimefanya kazi mahakamani muda wa kutosha kujua kwamba asiye na nia mbaya hafuti mdomo wa kopo.

Nimelifunga kwa uzi mweusi mwembamba. Akiligusa tena nitajua.

7 Julai

Uzi umekatika.

14 Julai

Mashuka nayaweka mwenyewe kwenye beseni uani kila Jumamosi. Jana nilikaa dirishani nikimtazama Elieth akiyafua. Aliyakunjua, akayaangalia kwa muda mrefu, akayageuza upande wa pili. Kisha akayafua na kuyasuuza, akayasuuza tena, akabadilisha maji na kuyasuuza mara ya tatu. Kwa nini mtu asuuze shuka mara tatu, kwenye kata ambayo bomba linatoa maji kwa kusitasita?

Leo baada ya chakula Deus akaniambia, akiwa anaangalia simu yake: "Baba, nasikia maji ya moto sana siyo mazuri kwa ngozi. Ungepunguza kidogo."

"Unasikia kwa nani?"

Akaendelea kutelezesha kidole kwenye simu.

"Tangu lini mtoto anamfundisha baba yake kuoga?"

Aliomba radhi, akaenda kulala. Mwanangu naye ameshaingizwa. Nimeshaona kesi za namna hii zikisomwa mbele yangu: mzee mjane, nyumba nzuri ya matofali, mke wa mwana asiyependa kungojea. Sitaki kuamini. Lakini nikijiangalia miguu naamini.

19 Julai

Nimeanza kujilinda. Nimekwenda madukani Mtendeni nikanunua hita ya kutumbukiza kwenye ndoo, mche mpya wa sabuni, dodoki jipya, chupa mpya ya dawa, na mafuta ya kuondoa magamba ambayo muuzaji aliapa kwamba yanachubua mpaka ngozi mpya itokee. Vyote viko chini ya kitanda changu, na mlango naufunga kwa ufunguo. Ndoo ya Elieth naichukua kwa adabu, naiingiza chumbani, naichemsha tena mpaka itokote, ndipo naipeleka bafuni.

Leo nimeoga kama mtu. Nimejisugua mpaka nikasikia raha.

28 Julai

Hali imezidi. Nashindwa kuelewa. Kila ninachotumia sasa ni changu, kimetoka dukani mkononi mwangu, lakini ngozi ya muundi imepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka, na ile mipasuko inatoa damu. Mafuta ya Mtendeni yanachoma mpaka machozi. Ina maana sumu ilishaingia siku nyingi na sasa ndiyo inafanya kazi yake. Nimeongeza dawa kwenye ndoo, vifuniko vinne.

Neno la kurogwa silitaji, mimi ni Mkatoliki. Lakini sijalifuta kichwani.

8 Agosti

Nane Nane. Wote wamekwenda kwenye maonyesho. Nimebaki nikapekua. Kwenye shimo la takataka, chini ya maganda ya viazi, nimelikuta dodoki langu la kwanza, limekatwa vipande viwili kwa kisu. Jikoni, nyuma ya unga, ipo chupa ya mafuta meupe yale yale. Nimevichukua.

Mke wangu mdogo alirudi na bendera ya karatasi akaichomeka kwenye mfuko wa shati langu. Nilimbeba, nikawa namwonea huruma kwa mama aliyempata.

13 Agosti

Sabiri na Zuena wamekwenda Kisarawe kwenye msiba wa kaka yake Sabiri. Watakaa mpaka mirathi iishe. Uani kimya.

25 Agosti

Leo nimefanya nilichokuwa nikikipanga. Nimemwita kaka yangu Yoramu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, nikamkalisha sebuleni pamoja na Deus na Elieth. Elieth alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, mtoto amemlalia mapajani. Mezani niliweka kipande cha sabuni nyeupe, kopo, ile chupa ya jikoni, na dodoki lililokatwa.

Nilisimama. Nilisema kila kitu kwa mpangilio, tangu ndoo ya Juni mpaka shimo la takataka, kwa sauti ile niliyokuwa nikisomea hati za mashtaka. Nilisema: "Siku zote hizi nyumbani kwangu kuna mtu anabadilisha vitu ninavyojipaka mwilini, kwa siri, na mwili wangu unaoza. Huyo mtu anaingia bafuni kwangu nisipokuwepo. Sitaki kutaja neno baya. Naomba yeye mwenyewe aseme anataka nini."

Deus aliruka. "Baba, hiyo sabuni ni..."

"Wewe ni mume wake. Ushahidi wako haupokelewi."

"Lakini baba, huyu alikuwa ana..."

"Nimesema kaa!"

Akakaa. Yoramu, ambaye ni mtu wa taratibu, akamgeukia Elieth. "Mama, umesikia baba yako anavyosema. Vitu hivi unavijua?"

"Navijua, baba."

"Ni wewe uliyevibadilisha?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Nilimwona akimwangalia mtoto, kisha sakafu, kisha miguu yangu, halafu macho akayaondoa haraka kama aliyeona asichotakiwa kuona. Nilidhani anatafuta uongo wa kusema.

"Sikumfanyia baba ubaya," akasema. "Zaidi ya hapo siwezi kusema mbele yenu."

"Mmeona!" nikasema. "Hawezi kusema."

Yoramu alishauri tusubiri, tukapime hivyo vitu, tuite watu wa kwao. Mimi nikakataa. Nilisema nyumba hii nimeijenga mimi na marehemu mke wangu, na ama mtu huyu aache kugusa jiko langu na bafu langu, ama niondoke mimi nikalale kanisani, Deus achague. Deus alinitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake. Elieth alinyanyuka, akapiga goti mbele yangu kama kila siku, akaenda chumbani na mtoto.

26 Agosti

Elieth na mtoto wameondoka asubuhi na basi la Nzega. Mtoto alikuwa akinipungia mkono, anadhani wanakwenda kutembea.

3 Septemba

Deus ananisalimia na kuingia chumbani. Tunakula ugali wa mkahawani kila mmoja kwa wakati wake. Nimeshinda kesi.

11 Septemba

Joto limeanza, upepo haujakoma. Sasa hakuna wa kunizuia: maji ya kutokota asubuhi, jioni, na mchana nikiwashwa sana. Mguu wa kushoto umevimba kwenye ule mpasuko mkubwa wa muundi na unatoa maji ya njano. Ninaukamua na kuusugua kwa dawa.

Sumu aliyoiacha ni kali.

18 Septemba

Nilianguka juzi mlangoni mwa bafu, homa imenipanda, mguu mwekundu na wa moto mpaka kwenye paja. Deus alinibeba mgongoni mpaka kwenye gari la jirani. Nimelazwa, nimechomwa sindano, leo ndiyo nimeweza kushika kalamu.

Daktari ni binti mdogo, Dokta Asnath. Amevuta stuli akauliza: "Mzee, huwa unaoga vipi?" Nikafurahi, mwishowe mtu anayeuliza maswali ya maana. Nikamweleza yote: maji yanayofuka, sabuni ya mche, dodoki, vifuniko vya dawa, mafuta ya Mtendeni. Nilieleza kwa fahari, apate kujua kwamba uchafu sina. Alikuwa akitikisa kichwa tangu nilipotaja maji.

"Mzee, umejichuna mwenyewe," akasema. "Ngozi ina mafuta yake yanayoshikilia maji ndani. Umri unayapunguza, kiangazi kinayapunguza, halafu wewe ukaja kuyamaliza kwa moto na sabuni kali. Kuwashwa kote kule ni ukavu. Ukajisugua, zikafunguka nyufa, vijidudu vikaingia mguuni. Tumepima sukari na figo, huna tatizo. Sasa sikiliza. Maji ya uvuguvugu, uoge haraka utoke. Sabuni isiyo na manukato, nayo kwapani na sehemu za jasho tu. Hakuna dodoki, hakuna dawa kwenye ndoo. Jifute kwa kugusagusa, na kabla hujakauka vizuri upake mafuta mazito yasiyonukia. Mashuka yasuuzwe sana, sabuni ikibaki inawasha. Na hayo ya kuchubua tupa."

Nilikuwa nimelala chali nikisikiliza, na kila alichosema nilikuwa nimekwisha kukiona. Kimoja kimoja.

"Dokta," nikamuuliza, "haya umeambiwa na mkwe wangu?"

Akanishangaa. "Simjui mkwe wako, mzee. Nimesoma."

Bado sikukubali. Nilijiambia huenda imetokea tu. Niligeukia ukutani nikajifanya nimelala, lakini nilikuwa nalia.

24 Septemba

Nimerudi nyumbani. Jioni Sabiri aliingia. Wamerudi jana kutoka Kisarawe. Nilimwona mlangoni nikaanza: "Karibu mla nazi, umekuja kuniibia nini?"

Alikaa.

"Tobias," akasema. Hajawahi kuniita jina langu tangu tujuane. "Leo sitanii."

Akanieleza. Mwezi wa sita Elieth alimwendea Zuena huku analia. Alimwambia: mashuka ya baba yana damu na magamba, anajichubua, nami siwezi kumwambia, ni baba mkwe. Mume wangu naye akisema hasikilizwi. Mtoto wangu alizaliwa na ngozi kavu ya namna hii, kliniki wakanifundisha la kufanya. Mama, tafuta mtu mzima amwambie. Zuena akamtuma mumewe.

"Nikaja nikakuambia," akasema Sabiri. "Siku ile ile. Nikairudia mara ya pili."

"Uliniambia kwa utani!"

"Sasa mimi na wewe tumewahi kuzungumza vipi?"

Kweli, mtani ndiye mtu pekee anayeruhusiwa kuniambia juu ya mwili wangu maneno ambayo mkwe hawezi. Binti yule alichagua mdomo sahihi kabisa. Nami nikafanya anachofanya kila Mnyamwezi anapoambiwa kitu na Mzaramo: nikacheka, nikarudisha.

"Ungenidokeza kwamba umetumwa na yeye."

"Ungejua kwamba mke wa mwanao anazungumza habari za damu yako na majirani, ungemwacha salama?"

Nisingemwacha. Nilimwambia hivyo. Nikakumbuka vile Elieth alivyoangalia miguu yangu siku ya kikao na kuondoa macho. Angeweza kujiokoa kwa sentensi moja. Angesema tu mbele ya Yoramu, "Baba anavuja damu kwenye mashuka," na mimi ningebaki sina nguo mbele ya kaka yangu. Alikubali aitwe muuaji, asinivue nguo.

Sabiri aliondoka bila kuchukua kitu.

6 Oktoba

Deus amepeleka salamu zangu Nzega. Zimerudi kavu: wanashukuru, wazima. Mtoto anaumwa mafua.

15 Oktoba

Najitengea maji mwenyewe, natoka upesi, napaka. Mguu umefunga. Kuwashwa kumepungua mpaka nalala. Ningependa niwashwe kidogo, nisilale nikiwa mzima namna hii wakati chumba cha pili hakina mtu.

27 Oktoba

Deus amesema anatafuta nyumba Isikizya. Sikumuuliza ya watu wangapi.

2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Nimekwenda kaburini nikapalilia. Nilitaka kumwambia Dafrosa nilichofanya, nikaona aibu, nikazungumzia bei ya mahindi. Wakati narudi mvua ya kwanza ikanikuta njiani. Watu wote wanakimbia kwa furaha, mimi natembea. Nimeamua kwenda Nzega mwenyewe.

9 Novemba

Nimerudi sasa hivi. Naandika kabla sijalala.

Nilikwenda na Sabiri awe msemaji wangu, maana mzee hajiombei mwenyewe kwa wakwe. Wazazi wa Elieth, mzee Bundala na mama Ngollo, walitupokea vizuri kupita kiasi. Maji, viti, habari za mvua, habari za mifugo. Elieth alikaa kwenye mkeka nyuma ya mama yake. Mtoto alinitambua lakini hakunijia, alikamata khanga ya mama yake akanichungulia.

Sabiri akakohoa, akaanza: "Wazee wangu, huyu Mnyamwezi mnayemwona hapa ana kichwa kigumu kuliko..." Nikaona mzee Bundala anaanza kutabasamu. Nikaelewa kwamba akiendelea tutacheka, tutakunywa togwa, na jambo litapita kama lilivyopita mwezi wa sita.

"Niache niseme," nikamwambia.

Nilisimama, nikakunja suruali mpaka gotini. Mama Ngollo akageuza uso haraka, na mzee Bundala akatazama mlangoni. Ndivyo inavyotakiwa.

"Naomba msigeuke," nikasema. "Huu ndio mguu ambao mtoto wenu alikuwa akiuhangaikia. Aliona damu yangu kwenye mashuka. Akanipoza maji, akanibadilishia sabuni na mafuta, akakata dodoki nililokuwa nikijichunia. Heshima ilimzuia kuniambia, akatuma mtu, nami nikamcheka aliyetumwa. Kisha nikamwita mtoto wenu mbele ya watu nikamfanya muuaji. Daktari ameniambia mambo yale yale aliyokuwa akiyatenda yeye. Na haikuwa kutojua tu. Mke wangu alikuwa amekufa, na nilitaka awepo mtu wa kulaumiwa kwa kila kinachoniuma. Huyu alikuwa karibu, na hakuruhusiwa kunijibu."

Mvua ilikuwa ikitambaa juu ya bati. Mzee Bundala akasema: "Elieth, umesikia?"

"Nimesikia."

Kisha akainua uso akanitazama mimi. Ameishi nyumbani kwangu tangu harusi yake na sikuwa nayajua macho yake. Ni makubwa, yamechoka.

"Baba, Cheyo sirudi," akasema. "Deus akipata nyumba Isikizya, nitakwenda kukaa na mume wangu huko. Mtoto nitamleta akuone. Lakini kwenye nyumba ile sirudi."

Njia nzima nilikuwa nimeandaa maneno ya kumsihi. Yote yalikuwa mdomoni. Niliyameza.

"Nimekubali, mama," nikasema. Nikainama kushusha suruali.

"Usishushe."

Mama yake akamgusa begani kumnyamazisha. Hakunyamaza.

"Hapo juu ya kifundo pamekauka. Leo hukupaka."

Sabiri, ambaye sijawahi kumwona akikosa neno, aliangalia dari.

"Sikupaka," nikajibu. "Niliogopa basi lingeniacha."

Akasimama, akaingia ndani, akarudi na kopo la mafuta ya mtoto. Kwa desturi alipaswa kuliweka chini mbele yangu na kurudi nyuma. Alinipa mkononi. Nikakaa, nikajipaka mbele ya wakwe zangu, mguu mmoja kisha wa pili, mpaka aliposema inatosha.